Bisibisi zinanata, kava limegeuka njano, mswaki uko poa: kwani vyote si mpira?

Dada mmoja kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu:

"Kaka habari za kazi. Nilinunua seti ya bisibisi zenye mishikio laini kama mpira, nikazitumia mara mbili tatu nikazirudisha kwenye boksi lake. Miaka kama mitatu imepita, juzi nafungua nakuta mishikio inanata kama imepakwa asali, ukishika mkono unatoka mweusi. Sasa mswaki wangu nao una kitu hichohicho laini kwenye mpini na haujawahi kunata hata siku moja. Na kava la simu lililokuwa linaangaza kama kioo limekuwa njano. Mume wangu anasema vyote ni mpira feki. Ni mpira kweli au ni plastiki? Huo utelezi unaonata ni sumu? Mtoto wetu anatafuna kila anachokutana nacho. Na nisafishe au nitupe?"

Dada yangu, mwambie shemeji kwamba yuko sahihi nusu. Mpira wa mti huenda haumo kwenye kitu hata kimoja hapo, lakini feki nalo ni neno la kuonea, kwa sababu hivyo vitu vimetengenezwa makusudi viwe hivyo na mswaki wako ni ushahidi kwamba vikitengenezwa vizuri vinadumu. Ulichonacho ni plastiki zenye tabia za mpira, sisi wa viwandani tunaziita TPE, kirefu chake themoplastiki elastoma. Ni ukoo mkubwa na ndugu hawafanani. Mshikio wa mswaki ni ndugu mmoja, kava la simu ni ndugu mwingine, na hizo bisibisi nina wasiwasi kwamba kinachonata hata sio mshikio wenyewe, ni rangi iliyopakwa juu yake. Tutafika huko.

Kwanza tuelewane kuhusu mpira wenyewe. Chukua utomvu wa mti wa mpira ukauke, utapata kitu kinachovutika ndio, ila kwenye joto kinalegea na kunata, kwenye baridi kinakakamaa. Ndani yake ni molekuli ndefu kama nyuzi zilizovurugana, hakuna kilichozishikanisha, ukivuta sana zinateleza na hazirudi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akagundua kwamba ukichanganya na salfa halafu ukapasha moto, mpira unatulia, haunati tena kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi, akapata hataza yake mwaka 1844. Salfa inachofanya ni kufunga mafundo kati ya uzi na uzi. Mafundo hayo hayafunguki, ni kama yai, likishachemka ndo basi, hata ulirudishe kwenye maji ya moto mara mia halirudi kuwa bichi. Ndo maana tairi kuukuu huwezi kuliyeyusha ukamwaga tairi jipya, ukilipasha linaungua tu na kutoa moshi mweusi.

Hapo ndipo watu wa plastiki walipojiuliza, hivi hatuwezi kupata fundo linalofunguka kwenye moto na kujifunga lenyewe likipoa? Wakalipata. Maarufu kuliko yote ni SBS, kampuni ya Shell iliitoa sokoni miaka ya 1960 kwa jina la Kraton. Uzi wake mmoja una sehemu tatu: ncha mbili ngumu za polistaireni, ile ile plastiki inayotengenezewa vikombe vya kutupa na vikasha vya CD, na katikati kuna kipande kirefu laini cha polibutadieni ambacho ndo chenye tabia za mpira. Sasa ncha ngumu na katikati laini hazipatani, kama mafuta na maji, kwa hiyo ncha zinakimbiliana na kujikusanya vijibonge vidogo sana, nanomita 10 mpaka 30 hivi, unywele mmoja ni mnene mara maelfu kuliko hivyo. Kila kijibonge kinashika ncha za nyuzi nyingi kwa pamoja. Hilo ndo fundo. Pasha moto kupita nyuzijoto 100 za Selsiasi hivi, vijibonge vinalainika, zile nyuzi za molekuli zinateleza, unasukuma kwenye moldi, yaani kalibu, kama plastiki yoyote, ikipoa vijibonge vinaganda na mpira wako huo hapo.

Nilipoanza kazi kwenye mashine hizi kitu kilichonishangaza ni mabaki. Kila tukifungua moldi kuna vijiti vya plastiki vinavyobaki kwenye njia ya kupitishia, niliyemkuta kazini akawa anavikusanya kwenye ndoo, mi najua vinaenda jalalani, kumbe anavimwaga kwenye mashine ya kusaga na baada ya nusu saa vimerudi kuwa bidhaa. Kwa mpira wa salfa hicho kitu hakipo, ukikosea umekosea. Halafu mpira unakaa ndani ya moldi ya moto dakika kadhaa uive, wakati TPE inaingia, inapoa, inatoka, ni sekunde. Kwa hiyo usishangae siku hizi kila kitu kinachoshikwa na mkono kina nyama laini juu yake, kuanzia kalamu, wembe, rimoti, mpaka mpini wa kisu.

Sasa mswaki wako. Uchukue uuangalie kwenye mwanga. Sehemu ngumu karibu kila mara ni polipropilini, plastiki ileile ya vifuniko vya chupa. Pitisha ukucha pale sehemu ngumu inapokutana na laini, utasikia kigongo kidogo, na ukigeuza unaweza kukuta ile laini imepenya kwenye tundu ikatokea upande wa pili. Sehemu fulani kuna kidoa cha duara kama alama ya chanjo, hapo ndo plastiki ilipoingilia. Hakuna gundi hapo. Unamwagwa mpini mgumu kwanza, halafu laini inamwagwa juu yake ikiwa moto, vinashikana vyenyewe kwa sababu ndani ya ile laini kuna polipropilini pia, yaani wanatambuana kama ndugu.

Hiyo laini ya mswaki kwa kawaida ni SEBS. Ni SBS iliyopelekwa shule. Ile sehemu ya katikati ya SBS ina viungo dhaifu ambavyo oksijeni, ozoni na jua vinavishambulia, ndo maana vitu vya SBS vikikaa juani vinakauka na kupasuka pasuka. SEBS imejazwa haidrojeni kwenye vile viungo, mlango umefungwa, oksijeni ikija haina pa kuingilia. Hapo kwenye mchanganyiko wanaongeza mafuta meupe ya madini, yale safi yasiyo na rangi wala harufu, na usidhani ni kidogo, kwenye mchanganyiko laini sana mafuta yanaweza kuwa mengi kuliko SEBS yenyewe! Ugumu wake tunaupima kwa kidude chenye kisindano butu, kipimo kinaitwa Shore A. Tairi la gari liko kwenye 60 mpaka 70, kava la simu lina 80 na kuendelea, ila mshikio wa SEBS unaweza kushushwa mpaka 30 kwa kuongeza mafuta tu.

Na hapo kuna mtego. Mafuta yakizidi kile ambacho SEBS inaweza kubeba, au wakiweka mafuta ya bei ya chini, taratibu yanajitoa nje. Kitu kinakuwa na utelezi, kinashika vumbi.

Turudi kwenye bisibisi. Mi nina washukiwa watatu, na bila kukiona kitu chenyewe njia ya kumjua mwenye kosa ni kitambaa na spiriti, yaani alkoholi ya kusafishia. Lowesha kitambaa, sugua sehemu ndogo kwa dakika nzima bila huruma, halafu uangalie.

Kama inatoka kama masizi yaliyochanganyika na gundi, kitambaa kinakuwa cheusi, na chini yake inatokea plastiki ngumu inayong'aa ambayo hainati hata kidogo, basi ni rangi ya poliurethani. Kwa maelezo yako ya mkono kutoka mweusi mi naweka dau langu hapa. Ni rangi inayopulizwa juu ya plastiki ngumu ili iwe na mguso laini kama ngozi ya pichi, ilipendwa sana kwenye rimoti, darubini, kompyuta mpakato, redio za magari, vitu vingi tu. Tatizo lake ni maji. Unyevu wa hewani pamoja na jasho na mafuta ya mikono vinaikata ile molekuli ndefu vipande vipande, kila kipande kikiwa kifupi zaidi rangi inakaribia kuwa uji. Cha ajabu ni kwamba kutotumia hakusaidii, kitu kinaweza kuoza kikiwa kwenye boksi lake na risiti yake. Boksi lililofungwa linatunza unyevu, na kama lilikaa mahali pa joto ndo ukaliharakisha.

Kama badala yake kinachotoka ni mafuta mafuta tu, mshikio unabaki laini vilevile na rangi yake ileile, na baada ya wiki chache unaanza tena kuteleza, hayo ni mafuta yanayojitoa niliyoyasema. Mshikio wenyewe haujafa. Unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, unakausha, unarudia kila ukihitaji, mwisho yanapungua.

Na kama unasugua unasugua na kunata hakuishi, kidole kinazama, kinaacha alama, yaani umeoza mpaka ndani, huo ni mpira au plastiki yenye nyuzi za aina ya isopreni, zile za mpira wa mti na binamu yake SIS, ambayo ni kama SBS ila katikati yake ni isopreni badala ya butadieni. Hizi zikizeeka zinakatika na kuwa ulimbo. Zile za butadieni zinafanya kinyume, zinajifunga zaidi na kuwa kavu zenye nyufa. Watu wengi wanachanganya hapa, wanaita yote "imeoza na jua", lakini kunata na kupasuka ni magonjwa mawili tofauti. Huyu wa tatu hatibiki, vua mshikio kama unavulika, zungushia tepu, maisha yaendelee.

Kwenye kusafisha hiyo rangi, tafadhali, spiriti peke yake. Fungua madirisha, vaa glovu, zima jiko kwanza kwa sababu spiriti inashika moto haraka. Usitumie petroli wala thina wala asetoni ya kutolea rangi ya kucha, utasikia mtu anakuambia "inatoa fasta", ndio inatoa, na plastiki ya chini nayo inaondoka, nimeshaona kasha la kifaa likilainika na kubaki na alama za vidole milele. Poda ya mtoto ambayo watu wanapaka inaficha kunata siku mbili tatu, basi, chini ya poda rangi inaendelea kuoza.

Kava la simu sasa. Hilo ni TPU, poliurethani inayoyeyuka, ukoo ulioanzia kazi ya Otto Bayer kule Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Ni ngumu kuchanika, haikwaruziki kirahisi, ukidondosha simu inafyonza mshtuko, kwa kava hakuna mshindani wa maana. Ila TPU ya kawaida inatengenezwa kwa kemikali zenye pete za benzini, na mwanga wa jua ukizipiga pamoja na hewa zinageuka kuwa molekuli zinazofyonza mwanga wa bluu, macho yako yanabaki kuona njano. Joto la simu ikichaji nalo linachangia. Kwa hiyo rangi hiyo haikupakwa juu na uchafu, plastiki yenyewe imebadilika. Yale ya magadi na dawa ya meno yanatoa uchafu wa juu, unaona limepungua kidogo unafurahi, baada ya siku chache njano ni ileile. Viwanda vingine vinaweka rangi ya bluu kidogo tangu mwanzo ili njano ichelewe kuonekana, ukiangalia kava jipya kwenye karatasi nyeupe unaweza kuiona. Ipo TPU isiyo na hizo pete ambayo haigeuki hivyo, ina gharama zaidi, kwenye makava huikuti sana. Ukitaka kinachochelewa kugeuka nunua lenye mgongo wa polikaboneti ngumu na TPU pembeni tu, au nunua jeusi. Jeusi nalo linazeeka, wewe tu ndo huoni.

Poliurethani hiyohiyo, ikiwa povu, ndo iliyonivunjia heshima mimi. Nilikuwa na viatu nilivyovitunza kwa ajili ya shughuli, nimevivaa labda mara nne kwa miaka saba. Siku ya harusi ya mdogo wangu navivaa, sijamaliza hata kusalimia meza ya kwanza nasikia kama natembea kwenye makapi, kuangalia nyuma nimeacha vipande vyeusi tangu mlangoni. Soli imekatika katikati kama mkate mkavu. Mimi! Mtu wa plastiki! Unyevu uliipasua taratibu miaka yote ile, na kuvivaa mara kwa mara huenda kungesaidia kuusukuma nje badala ya kuuacha ukae mle.

Kuhusu sumu na mtoto. SEBS safi kama ya mswaki haihitaji vile vilainishi vinavyoitwa fthaleti, na haina protini za utomvu wa mti zinazowasumbua wenye mzio wa mpira. Ninayemwogopa kidogo ni binamu wa mbali, PVC laini, ambayo bila kilainishi ni ngumu kama bomba la maji. Kilainishi hakijafungwa na kitu, kimelowa tu mle ndani kinatembea. Unataka kukiona kwa macho? Fungua kikebe cha vifaa vya hesabu cha mwanafunzi, kile chenye raba ya kufutia nyeupe, ambayo mara nyingi ni PVC laini, iliyovuliwa karatasi yake na rula ya plastiki inayoonyesha. Kama vimekaa pamoja miezi kadhaa utakuta raba imegandana na rula, ukiibandua imeacha shimo lenye umbo lake, rula imelika. Hakuna joto lililohusika, ni kilainishi cha raba kilihamia kwenye polistaireni ya rula kikaiyeyusha. Umoja wa Ulaya na Marekani wote wameweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa fthaleti kadhaa kwenye vitu vya watoto, DEHP ikiwemo, Marekani kwa sheria ya 2008, kwa hiyo sio maneno ya mitaani tu.

Jaribio la nyumbani: kata kipande kidogo, zamisha kwenye maji yenye tone la sabuni ili mapovu ya hewa yasikudanganye. SEBS ya kawaida inaelea. PVC, TPU na silikoni zinazama. Sio hukumu ya mwisho, kiwanda kikijaza unga wa chokaa kupunguza gharama hata SEBS inazama, lakini kinachoelea, kama si povu, hakika sio PVC.

Hizo bisibisi zinazonata mtoto asizitafune. Akiwa ameramba mara moja sina sababu ya kukutisha, ila ni plastiki inayovunjika vunjika, ina uchafu wote wa boksi, na kinachonisumbua zaidi ni kipande kumeguka na kumkwama kooni. Hata kitu kisicho na kemikali mbaya, kikianza kumeguka kwa meno kinatoka kwenye mikono ya mtoto siku hiyohiyo.

Kitu kimoja hukuuliza ila shemeji akishajua haya lazima atakijaribu: mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha usibadilishwe kwa kukata TPE yoyote iliyopo nyumbani. Yale mafundo yanayofunguka kwenye moto yanaanza kulegea kabla hata hayajayeyuka, na yakikandamizwa kwa muda mrefu yanazoea, ukifungua mfuniko mpira umebaki bapa. Pale panatakiwa silikoni au mpira halisi ulioiva, ule uliotengenezwa kwa sufuria hiyo.

Kwa hiyo bisibisi usitupe, chuma chake kina kosa gani? Anza na moja, sugua na spiriti mpaka mwisho, kama ni rangi utabaki na mshikio mgumu mkavu unaoteleza kidogo ukiwa na jasho lakini unafanya kazi miaka mingine kumi. Halafu zilaze kwenye droo iliyo wazi, lile boksi la povu lililokuwa limezikumbatia litupe, maana limeshafyonza huo ulimbo na litazipaka tena.